Kabla ya Kulipia Safari ya Theluji

Katika milima ya Alps, upande wa Ufaransa, kulikuwa na kituo kidogo cha kuteleza kwenye theluji kiitwacho La Sambuy. Hakikuwa mahali pa mamilionea. Familia za kawaida zilipeleka watoto huko kujifunza kusimama kwenye mbao za kutelezea, wakianguka na kuinuka, na jioni wakarudi nyumbani. Zamani theluji ilifika mwanzoni mwa Desemba na kukaa mpaka mwisho wa Machi. Msimu wa 2022 hadi 2023 ilikaa kama wiki nne tu. Halmashauri ya Faverges-Seythenex, inayokimiliki kituo hicho, ilipiga hesabu na kuona kwamba kuendelea kuendesha lifti kungeleta hasara ya kama yuro 500,000 kwa mwaka. Mwaka huohuo wa 2023 ikaamua kukifunga na kung'oa lifti zenyewe.

Nakisimulia kisa hiki kwa watu wa Meru na Embu, na najua kuna atakayeuliza mambo ya Wafaransa yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Siku hizi si ajabu mtu wa Maua au Runyenjes kupanga kumtembelea dada au mtoto anayefanya kazi Ujerumani au Uswisi, na katika mpango huo kuingiza siku chache za kwenda kucheza kwenye theluji. Ni furaha halali na pesa ni zake. Lakini mara nyingi ni pesa za bonasi ya majani chai, za kahawa, au mkopo wa sacco utakaolipwa kwa miaka mitatu. Pesa za namna hiyo hazifai kwenda kumlipia mtu dirisha la hoteli linalotazama nyasi zilizolowa matope.

Tena sisi wenyewe tunakaa chini ya mlima wenye barafu, na wako kati yetu wanaoishi kwa kuwapeleka wageni kuiona. Kwa hiyo kisa cha La Sambuy kinatugusa sisi tunaosafiri, na kinatugusa pia sisi tunaopokea wasafiri.

La Sambuy haikufa siku moja. Kwanza theluji ilichelewa, kisha ikaanza kuondoka mapema, kisha ikawa inakuja na kuyeyuka katikati ya msimu, hapo ambapo wageni wameshafika. Mwaka mbaya ulifuatwa na mwaka wenye nafuu, na nadhani ule wa nafuu ndio hasa unaotupumbaza. Mwanadamu akiona nafuu husema mambo yamerudi. Mimi nami ni hivyo. Mvua za Oktoba zikichelewa wiki mbili, nasema zitakuja. Zikichelewa mwezi, nasema mwaka ujao. Ni vigumu kukaa chini na kuandika miaka kumi kwenye karatasi moja, uione jinsi mstari unavyoteremka.

Dalili nyingine hazikuhitaji hata karatasi. Februari 2020, kituo cha Luchon-Superbagnères katika milima ya Pyrenees kilikodi helikopta ibebe kama tani 50 za theluji kutoka juu ya mlima na kuimwaga kwenye miteremko ya chini, ili watoto wanaojifunza wapate pa kutelezea. Serikali ya Ufaransa yenyewe ililalamika. Tarehe 1 Januari 2023, Warsaw, mji mkuu wa Poland, ilifikia nyuzi 18.9 za selsiasi. Hilo ni joto ambalo Meru mjini tunalivalia sweta mwezi wa Julai. Huko ni katikati ya kipupwe. Krismasi hiyo vituo vingi vya chini katika milima ya Alps vilisimamisha lifti, na watu waliokuwa wamelipia vyumba miezi mingi kabla wakabaki kutembea kwa miguu njiani, wakipiga picha milima ya kijani.

Wenye vituo wana jibu lao: mizinga inayorusha maji hewani yakaganda na kushuka kama theluji. Inasaidia, tena sana. Lakini mizinga hiyo huhitaji hewa baridi, chini kidogo ya nyuzi sifuri, na maji mengi ya bwawa. Hewa ikiwa na joto, mzinga ni bomba la kumwagilia bustani. Mwaka 2023 watafiti walichapisha hesabu ya vituo 2,234 katika nchi 28 za Ulaya. Waliona kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 2 zaidi ya lile la kabla ya viwanda, asilimia 53 ya vituo hivyo vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji ya asili. Mizinga ikiwekwa kwenye nusu ya miteremko, idadi hiyo inashuka hadi asilimia 27. Maana yake ni kwamba hata kwa mashine, zaidi ya kituo kimoja katika kila vinne bado kiko mashakani.

Iko habari nyingine ambayo kwangu ina uzito kuliko ya Ufaransa, kwa kuwa ilitokea katika nchi ya ukanda wa joto kama yetu. Bolivia walikuwa na kituo cha kuteleza kiitwacho Chacaltaya, juu ya mji wa La Paz, kwenye kimo cha zaidi ya mita 5,300, yaani juu kuliko kilele chetu cha Batian. Wapenda milima wa huko walijenga lifti yao mwishoni mwa miaka ya 1930, wakawa wanajivunia kituo kilichokuwa juu kuliko vyote duniani. Waliteleza juu ya barafu iliyodumu maelfu ya miaka. Katika miaka ya 1990 wanasayansi, akiwemo Edson Ramírez wa huko huko Bolivia, walipima barafu hiyo na kuonya kwamba inakwisha. Walikisia mwaka 2015. Ilikwisha 2009.

Hapo panafaa kutua kidogo. Tumezoea kudhani kwamba wanaotoa onyo hutia chumvi, kwamba wakisema miaka kumi watakuwa wamezidisha. Huko Chacaltaya onyo lenyewe ndilo lililokuwa na matumaini kupita kiasi. Walioamini kwamba wamebakiza miaka sita ya kuteleza hawakuwa nayo.

Sasa tuje nyumbani, Kirimara, yaani Mlima Kenya.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huu akiwa Ukambani, Kitui, Desemba 1849. Aliwasikia pia Waembu, waliomweleza kwamba hawapandi juu sana kwa sababu ya baridi kali na kitu cheupe kinachoporomoka mlimani kwa kishindo. Krapf akaelewa kuwa kule juu kuna barafu. Alipopeleka habari Ulaya, wataalamu wa jiografia wakamcheka. William Desborough Cooley wa London alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto za wamisionari. Waembu walikuwa wanajua kwa macho na masikio yao, na wasomi waliokaa mbali wakawa wanabisha. Siku hizi mambo yamegeuka. Wasomi wanatuambia ile barafu inaondoka, na sisi tunaoamka tukiutazama mlima kila asubuhi ndio tunaobisha.

Barafu kubwa kuliko zote mlimani ni ile iitwayo Lewis, chini ya kilele cha Nelion, karibu na kibanda cha Austrian Hut ambako baadhi ya wapandaji hulala kabla ya kwenda kilele cha Lenana. Mwanajiolojia J. W. Gregory aliipa jina hilo mwaka 1893. Tangu hapo imepimwa na kupimwa tena. Ni vigumu kupata barafu nyingine ya nchi za joto iliyochunguzwa hivyo. Ilichorwa ramani kwa uangalifu mwaka 1934. Ikalinganishwa na vipimo vya 2010, na ikaonekana kwamba katika miaka hiyo 76 ilikuwa imepoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake iliyoitwa kwa jina la Gregory mwenyewe ilikuwa imetoweka kabisa kufikia 2011. Kati ya 2004 na 2016, eneo la barafu zote za mlima lilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mwanzoni mwa karne iliyopita zilihesabiwa barafu 18. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba mlima huu unatazamiwa kubaki bila barafu katika miaka ya 2030. Watoto walio darasa la kwanza leo watakuwa hawajamaliza chuo.

Tusidanganyane kuhusu sababu pia. Barafu hizi zilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipoanza kuwa kavu na theluji mpya ikawa haba. Joto la dunia likaja kuongeza kasi. Wala si kweli, kama inavyosemwa kwenye mikutano mingi, kwamba Kathita, Thuchi na Rupingazi zitakauka siku barafu ya mwisho itakapoyeyuka. Mito hiyo hulishwa zaidi na mvua na msitu. Anayekata miti ya msitu huo anaidhuru mito hiyo kuliko kuyeyuka kwa Lewis. Nalisema hili kwa sababu onyo lililotiwa chumvi hufanya watu waache kusikiliza hata lile la kweli.

Mwenye kuumia kwanza kwa kupotea kwa barafu ni yule aliyeiuza. Oktoba 1973 Phil Snyder, aliyekuwa msimamizi wa hifadhi ya mlima, na Mkenya Thumbi Mathenge walipanda kwa mara ya kwanza korongo la barafu lililo kati ya Batian na Nelion, liitwalo Diamond Couloir. Njia hiyo ikasifiwa dunia nzima. Wapanda barafu wakawa wanatoka Marekani na Ulaya kuja kuijaribu. Leo sehemu kubwa ya mwaka, na miaka mingine mwaka mzima, ni mwamba mtupu na mawe yanayoanguka, maana barafu ndiyo iliyokuwa ikiyashika. Vitabu vya zamani vya waelekezi bado vinaieleza kama ilivyokuwa. Mgeni akibeba kitabu cha miaka ya 1980 pamoja na shoka zake za barafu, atafika akute kokoto, na lawama zitamwangukia kijana wa Chogoria au Timau aliyempeleka.

Hapa ndipo ninapowasihi ndugu zetu wanaoongoza wageni. Angalieni mabango, kalenda na kurasa zenu za mtandaoni. Picha ile ya Lewis ikiwa pana na nyeupe ilipigwa lini? Kama mgeni amelipa kwa ajili ya kitu kilicho kwenye picha, basi ndicho alichonunua. Mwambieni kabla hajalipa kwamba theluji bado huanguka Lenana baadhi ya miezi, huweza kuwa nyingi usiku na kuisha saa nne asubuhi, lakini ile barafu ya kale imebaki vipande. Wengine watakasirika na kwenda kwingine. Wengi watakuja tu, kwa kuwa kutoka lango la Chogoria mtu hupita ziwa Ellis, huona bonde la Gorges likiporomoka mpaka ziwa Michaelson, na hutembea katikati ya lobelia zinazomzidi urefu. Hivyo vyote viko, na ni bora kuviuza kwa majina yake kuliko kuviweka nyuma ya picha ya barafu isiyokuwepo.

Watu wa Igembe, wakulima wa miraa, wanajua vizuri gharama ya kutoangalia dalili. Januari 2013 Uholanzi ilipiga marufuku miraa. Ndege zilizokuwa zikishusha mizigo Amsterdam zikasimama, na sisi tukasema bado kuna Uingereza. Julai mwaka huohuo waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza akatangaza kwamba nao watafuata. Ulikuwa muda wa karibu mwaka mzima wa kujipanga, na wengi wetu tukautumia kubishana kama kweli watathubutu. Tarehe 24 Juni 2014 marufuku ikaanza. Maua ilisikia maumivu hayo dukani, shuleni na kwenye marejesho ya mikopo. Sisemi kwamba mkulima angeweza kuizuia London. Nasema kwamba soko la kwanza lilipofungwa, lile la pili lilikuwa tayari limeshapewa ilani.

Nirudi kwa msafiri, kwa sababu ana tatizo ambalo majarida ya Ulaya hayaliandiki.

Mtu wa Munich au Lyon akitaka kuteleza, huangalia hali ya hewa siku ya Alhamisi, na theluji ikiwa nzuri huondoka Ijumaa jioni. Asipoiona hubaki nyumbani, hajapoteza kitu. Mtu wa Meru hana nafasi hiyo. Lazima aombe viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na hayapokelewi zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Na kupata siku ya miadi Nairobi kwenyewe kunaweza kula wiki kadhaa. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na ukinyimwa hairudi. Anatakiwa aonyeshe mahali atakapolala, taarifa za benki, na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Kwa maneno mengine, sisi tunalazimika kuchagua mlima tukiwa Septemba, huku theluji ya Februari haijulikani na yeyote. Mzungu anacheza kamari ya siku mbili. Yetu ni ya miezi mitano, tena kwa pesa ambazo kwetu ni nyingi zaidi.

Ndiyo maana kwetu sisi uchaguzi wa mahali una uzito kuliko kwa wenyeji. Na kosa ambalo mtu huingia kwa urahisi, ambalo hata mimi ningeliingia kama nisingekaa na hesabu hizi, ni kuchagua kwa bei na kwa picha. Vituo vya bei nafuu mara nyingi viko chini, kwenye kimo cha mita 1,000 hadi 1,500, na hivyo ndivyo vinavyokufa kwanza. La Sambuy ilianzia kama mita 1,100. Tangazo litakuonyesha namba ya kilele, kwa kuwa ndiyo inayopendeza. Wewe tafuta namba ya kijiji na ya mteremko wa chini kabisa, kwa kuwa mtu anayeanza hujifunzia chini. Val Thorens ya Ufaransa, kwa mfano, kijiji chenyewe kiko mita 2,300. Hintertux ya Austria ina barafu ya juu inayotelezewa karibu mwaka mzima. Ni ghali zaidi, sikatai. Lakini ghali yenye theluji na rahisi yenye matope, ipi kati ya hizo imekula pesa bure?

Majira nayo yana hila. Krismasi ndiyo tunayoiona kwenye filamu, kwa hiyo ndiyo tunayoitaka. Kumbe ndiyo wiki isiyotabirika, maana kipupwe bado ni kichanga, na ndiyo wiki ambayo vyumba huuzwa kwa bei ya juu. Mwishoni mwa Januari kwa kawaida baridi imeshashika na wenyeji wamerudi kazini. Februari likizo za shule za Ufaransa na nchi jirani huanza, na bei hupanda tena. Kama jamaa yako yuko huko, muulize ratiba ya likizo za jimbo analokaa kabla hujajaza fomu yoyote.

Na tafadhali, usikubali kufanya safari nzima itegemee kitu kimoja. Ukikaa siku saba, siku tatu ziwe za theluji na zilizobaki ziwe za kumwona ndugu yako, kutembea mjini, kupanda treni za milimani. Vituo vyenyewe vya Ulaya vimeanza kufanya hivyo: vinatengeneza njia za baiskeli, matembezi na maji moto, kwa sababu vimeona La Sambuy. Kituo kinachotangaza kuteleza peke yake, bila neno juu ya siku isiyo na theluji, hiyo nayo ni dalili.

Kabla ya kutuma pesa, mwandikie mwenye hoteli barua pepe fupi. Mteremko wa chini uko mita ngapi juu ya usawa wa bahari? Misimu mitano iliyopita lifti zilifunguliwa tarehe gani na kufungwa tarehe gani? Miteremko mingapi ina mizinga? Lifti zikisimama kwa kukosa theluji, utanirudishia kiasi gani, na mpaka tarehe gani naweza kuahirisha bila faini? Tena isome bima ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu nyingi hulipa mguu ukivunjika na hazilipi neno theluji isipoanguka. Mwenye hoteli mwaminifu atajibu kwa tarehe na namba. Akikujibu kwamba kwao theluji haijawahi kukosekana, mshukuru, kisha mwandikie mwingine.